Lushoto kwa baiskeli: kupanda poa, kushuka shughuli!

Kijana wa mjini, kama unadhani baiskeli ni ya muuza mkaa tu, jaribu Lushoto. Pale Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, joto linakukaba koo. Unakata kona kuingia milima ya Usambara, kisha kilomita 33 za lami, kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1,000.

Mimi nilikanyaga gia nyepesi, abiria wa basi wakanichungulia: "Kaka, shuka usukume!" Wapi! Nikapumzika Soni, penye maporomoko, nikatafuna mapeasi, nikamaliza mlima kwenye ubaridi mtamu.

Lakini sikilizeni, washikaji: kupanda kunachosha tu. Kasheshe ni kushuka, hasa kwenye barabara za vumbi upande wa Mtae. Changarawe haina mzaha. Ukibana breki ya mbele ghafla kwenye kona, tairi linateleza, na chini ni bonde. Punguza mwendo kabla ya kona, bana breki zote mbili kidogokidogo, wapishe malori ya mboga.

Mandhari ya Irente hayakimbii. Breki kwanza, picha baadaye!