Video ya Mbuta Ambayo Hamtaiona

Niko na video ya sekunde 47 kwa simu yangu. Ni kali. Jua linachomoza nyuma ya kilima, maji yametulia tuli, mbuta anatoka ziwani akipiga mkia na mzee mmoja anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana. Tangu nianze hii kazi ya kontenti sijawahi kushika klipu kama hiyo.

Sitaiposti. Wengi mmeniuliza ile stori ya ziwa ilienda wapi, kwa hivyo kaeni chini niwaambie.

Mnajua mimi ni wa Marani. Kwetu ni milima, ndizi, majani chai na mvua. Samaki kwetu ni kitu cha soko, analetwa na mama wa Homa Bay akiwa amekaangwa tayari. Lakini anko wangu, ndugu ya mamangu, ana bwawa. Alichimbiwa ile mwaka wa 2009 na 2010, wakati serikali ilikuwa inapeleka mabwawa 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, ili watu wa bara pia wafuge samaki. Mengi ya hayo mabwawa leo ni nyasi na vyura. La anko limebaki, na si kwa sababu ya ngege. Limebaki kwa sababu ya mumi.

Mumi ni yule samaki wa ndevu, mweusi, asiye na magamba. Anko hangoji wakue. Anauza watoto wao, urefu wa kidole, kwa wavuvi wa ziwani. Wanatumiwa kama chambo. Mumi ni mgumu kufa: anaweza kuvuta hewa ya juu, na ukimtoboa na ndoano mgongoni bado atachezacheza majini usiku mzima. Mbuta akiona hiyo densi, hawezi kupita. Kwa hivyo mbuta unayekula hotelini Kisii, pengine alidanganywa na mumi wa Marani. Sikuwa najua hiyo mpaka mwaka huu, na nimezaliwa mita 200 kutoka kwa hilo bwawa.

Mwisho wa mwezi wa 9 anko akaniambia, "Wewe si huwa unatafuta mambo ya kurekodi? Nipelekee mumi Mbita." Mumi 600, kwa mitungi, maji nusu. Tulitoka Marani saa kumi na moja asubuhi kabla jua halijawa kali, tukabadilisha gari Kisii, tukashuka Rongo, Homa Bay, mpaka Mbita. Njiani nilikuwa nafungua vifuniko kila saa kama mama anayeangalia mtoto mgonjwa. Walikufa tisa tu.

Jina la ufuo sitataja. Jina la mzee pia. Mtaelewa.

Mzee alinipokea vizuri. Akanipa jina papo hapo: Jakisii. Nilipomwambia nataka kwenda na wao ziwani, wale vijana wake wawili walicheka. "Jakisii, unajua kuogelea?" Nikasema hapana. Mzee akanitupia jaketi la kuokoa maisha, akasema, "Basi usianguke."

Akanieleza kwa nini nimekuja wakati mzuri. Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 upepo wa kusini husumbua, ziwa linachafuka, unachoma petroli na unarudi na kidogo. Mwezi wa 9 upepo unapungua, na mvua za vuli hazijaanza vizuri. Hapo katikati ndipo yeye hujaribu kulipa madeni.

Saa kumi jioni tukaingia. Kamba moja ndefu, ndoano 300, kila ndoano na mumi wake. Juu wanafunga mitungi mitupu ya plastiki ielee, chini wanafunga mawe. Mmoja anapiga makasia polepole, mwingine anatupa, na mzee anaangalia kamba isikunjane. Wanaifanya hivyo karibu bila kuongea. Halafu unarudi ufuoni, unalala, na ziwa linafanya kazi yake.

Saa kumi na moja alfajiri tukarudi. Hapa sasa ndipo mimi niliaibisha kabila. Boti ilianza kuyumba, na ule mchanganyiko wa petroli, chambo na ugali wa jana ukaniambia kuna njia moja tu. Nilitapika upande wa kushoto huku wao wakivuta kamba upande wa kulia. Nikanawa uso, nikawasha kamera, na hapo ndipo ile video inaanza.

Tulipata mbuta 11. Kama hujawahi kuona mbuta akiwa hai, hebu sikia: ana rangi ya fedha, mdomo mpana, na macho meusi yenye duara la njano linalokuangalia kama unamdai. Anaweza kufika kilo 200. Wetu mkubwa alikuwa kilo 14, na mimi nilipiga kelele kana kwamba nimemzaa.

Lakini wanne walikuwa wadogo. Sheria ya ziwa, kwetu na kwa majirani zetu Uganda na Tanzania, ni kwamba mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Sababu inaeleweka: ukimvua kabla hajazaa, umekula mbegu. Mzee anaijua hiyo sheria kuliko mimi. Amechonga alama kwenye kasia lake, moja kwa mbuta, moja kwa ngege. Nobody alimlazimisha achonge.

Katika video yangu, unaona mzee akipima samaki kwa lile kasia. Samaki hafiki alama. Mzee ananyamaza kidogo. Anamweka kwenye beseni. Anapima mwingine. Hafiki. Beseni. Halafu anachukua gunia, anafunika. Sekunde 47 zinaisha.

Ukiangalia hiyo klipu, umemaliza kesi. Huyu mzee ni mwizi wa ziwa. Anajua sheria, anaivunja, na anaficha.

Sasa wacha nikuambie kile hakimo. Kabla ya hao wawili, kulikuwa na wengine wawili wadogo. Walikuwa wameshikwa pembeni mwa mdomo. Mzee aliwachomoa taratibu, akawashika majini mpaka wakapata nguvu, akawaachilia. Hiyo sikurekodi kwa sababu nilikuwa natapika. Niliisikia tu: maji yakipiga pwaa, na kijana mmoja akisema kwa Kijaluo kitu kama "hao wamerudi kwao".

Wale wawili wa kwenye beseni walikuwa wamemeza ndoano mpaka tumboni, na kwa sababu walivutwa kutoka chini sana, tumbo lilikuwa limetokea mdomoni. Walishakufa. Ukiwarudisha, unalisha ndege. Mzee akawaweka vijana wapike. Kisheria bado ni kosa. Hata yeye alisema. Alipoona kamera imeelekea beseni, hakukasirika. Alisema tu, "Jakisii, hiyo usiweke. Watu hawatauliza hao wengine wako wapi."

Nikasema sawa mzee. Lakini moyoni nilikuwa nishaanza kuandika maneno ya juu ya video.

Kwa sababu wacha tuseme ukweli. Video ya samaki mkubwa ingepata watu kiasi. Video ya mvuvi anayefunika samaki wadogo na gunia ingepata mara kumi. Watu wanapenda kukasirika kuliko wanavyopenda samaki. Na mimi kodi yangu ni shilingi 4,500, tarehe 5, na mwenye nyumba hajui maana ya algoriti.

Kitu kilinizuia ni klipu nyingine. Sekunde 19. Hiyo niko ndani.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea uinjinia. Salio la karo likanitoa kwenye mtihani. Nikarudi Kisii kimyakimya nikitafuta pesa, nikaanza kupakia ndizi kwenye lori. Msee mmoja wa darasa letu akapita, akanirekodi kutoka nyuma, akaandika juu: "Injinia wa ndizi." Klipu ikazunguka kwa grupu za darasa, ikatoka nje, ikafika Marani kabla yangu. Babangu, aliyeuza ng'ombe nikienda mwaka wa kwanza, alijua nimetoka chuo kupitia simu ya jirani. Miezi miwili hakuniongelesha. Salamu zangu alikuwa anazijibu kupitia mama.

Na ile klipu haikudanganya. Nilikuwa pale. Nilikuwa nabeba ndizi. Ila haikusema habari ya karo. Na, kwa sababu leo tunasema yote, hata mimi nilipojitetea nyumbani nilisema karo tu. Sikusema kwamba nilikuwa nimeanguka masomo mawili na nilikuwa nimewaficha. Kwa hivyo klipu ilitoa nusu, na mimi nikatoa nusu nyingine ninayoipenda. Baba hadi leo hajapata yote. Akisoma hii, ndiyo hiyo.

Sisemi mbuta wadogo wavuliwe. Msinielewe vibaya. Hilo ziwa lina historia ya watu kulifanyia mambo bila kufikiria. Mbuta mwenyewe si wa hapo, aliletwa miaka ya 1950, na alipoongezeka alimaliza fulu wengi, vile visamaki vidogo vya aina mamia ambavyo havikuwa vinapatikana kwingine duniani. Leo tunaogopa mbuta naye ataisha. Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya ziwa lote, na ufuoni kila mtu analia kwamba samaki wamepungua. Wako watu wanaotumia nyavu za matundu madogo wakijua wanachofanya. Hao warekodiwe, hao waripotiwe kwa kamati ya ufuo.

Lakini mzee wa kuchonga alama kwenye kasia lake si huyo. Na mimi nikiwa na klipu ambayo nusu yake muhimu nilikuwa nimeinamia maji, sina haki ya kuwapa nyinyi mahakama.

Wiki jana nilimpigia simu. Simu yake ni mulika mwizi, hata ningeposti hangeona. Angeona tu siku watu wanakuja ufuoni kumtafuta. Nikamwuliza kama naweza kuandika, bila jina, bila ufuo. Akacheka ile kicheko cha kwenye video. "Andika, Jakisii. Maandishi hayana sura. Na mwambie anko wako safari hii alete 800, wale walikuwa wanacheza vizuri."

Mtauliza kama nimeifuta. Bado. Hiyo ndiyo sehemu siringi nayo. Jana usiku niliifungua mara tatu. Nilifika hadi mahali pa kuchagua muziki.

Leo ni tarehe 2. Kodi ni tarehe 5, na najijua vile huwa tarehe 4 usiku. Ndiyo maana nimeandika hii leo. Sasa nyinyi wote mnajua kilichokuwa upande wa kushoto wa boti, na nikiiposti mtaniuliza wale wawili wengine wako wapi.