Ziwa Natron na Kosa Letu Darasani

Twapenda kuwasimulia kosa tulilolifanya mbele ya watoto, maana huenda habari yake ikamfaa mwingine.

Siku moja tulipata picha ya furukombe, yule tai alaye samaki, ameketi juu ya tawi kavu kando ya Ziwa Natron. Mwili wake wote ulikuwa mgumu, umegandamana chumvi toka kichwani hata kuchani. Chini ya picha paliandikwa kwamba maji ya ziwa hilo humgeuza kuwa jiwe kila ndege ayagusaye. Tulistaajabu sana, tukaipeleka darasani, tukafundisha kama tulivyosoma.

Mtoto mmoja wa kike akainua mkono, akasema, “Mwalimu, ndege akifa huanguka. Huyu mbona amekaa juu ya tawi?” Wenzake wakacheka. Nasi, kwa kuwa hatukuwa na jibu, tulimkemea, tukamwambia aketi. Tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Swali lake halikutuacha. Tulitafuta habari, tukajua ya kuwa mpiga picha ni Nick Brandt, Mwingereza, naye alizitoa picha hizo katika kitabu mwaka 2013. Aliwaokota ndege hao ufukweni wakiwa wamekwisha kufa na kukauka, akawaweka mwenyewe kana kwamba wa hai. Wala hakuficha jambo hilo, alilieleza wazi. Waliozipeleka picha mbele ndio walioyaacha maelezo nyuma, na sisi tukawa mmoja wao.

Basi, ziwa hilo ni la namna gani? Liko kaskazini ya Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, chini ya mlima wa moto uitwao Ol Doinyo Lengai. Hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro na ya chemchemi za moto, wala halina njia ya kuyatoa. Jua huyakausha maji, na magadi hubaki. Ni jamii ya magadi yale ambayo mama zetu hutia katika maharage ili yaive upesi. Wamisri wa kale walitumia chumvi ya namna hiyo kuikausha miili ya wafu wao isioze. Kwa hiyo ndege afiaye huko haozi upesi, hukauka akabaki na umbo lake.

Lakini maji hayo hayo yana uhai mwingi. Humo huota vijimea vidogo mno, navyo ndivyo chakula cha heroe wadogo, ndege wale wa miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo. Rangi yao nzuri ya waridi hutokana na chakula hicho. Hujenga viota vya tope katikati ya ziwa, na kila jike hutaga yai moja. Fisi na mbweha hawawafikii kwa urahisi, maana magadi na tope huwazuia. Yakadiriwa kwamba heroe wadogo watatu katika kila wanne wa dunia nzima huzaliwa huko. Maji tuliyoyaita ya mauti ndiyo ukuta wa watoto wao.

Tulipoyajua hayo tuliona haya. Hata hivyo tulisimama mbele ya darasa, tukaeleza yote, kisha tukamwambia yule mtoto, “Mwanangu, wewe uliona, sisi tulitazama tu. Utusamehe.” Hakujibu neno, akainamisha kichwa. Zilipita wiki mbili kabla hajainua mkono tena, na siku hiyo tulifurahi kuliko siku ya mtihani.

Ndugu, picha yaweza kuwa ya kweli na maneno yake yakawa ya uongo. Tangu hapo, kabla ya kuonyesha picha yo yote, huwauliza watoto: Ni nani aliyekiweka kitu hiki hivi, na nje ya picha kuna nini? Nanyi walimu wenzetu, mtoto akiwauliza neno msilolijua, msimkalishe. Kuuliza si ujinga, na huenda ameona msichokiona ninyi.