Mchezo Usio na Picha

Nyumba yetu iko Liwatoni, ghorofa ya pili, upande unaopokea upepo wa bahari. Asubuhi harufu ya samaki hupanda hadi jikoni, na usiku taa za bandari ya Kilindini huingia chumbani hata pazia likifungwa. Chini ya dirisha langu pana baraza ya saruji ambapo vijana huketi baada ya swala ya Alasiri. Kwa muda mrefu niliamini kwamba vijana wale hawana mazungumzo ya maana. Niliwasikiliza nikiwa nimeshachelewa, na kuchelewa huko ndiko ninakotaka kuwasimulia mama zangu na dada zangu wasomaji wa ukurasa huu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15. Alipokhitimu juzuu kumi, ami yake aliyeko Maskati alimletea zawadi ya PlayStation. Furaha ya mtoto ilikuwa kubwa nami nilifurahi pamoja naye. Miezi ikapita, furaha yangu ikageuka kero. Adhana ya Maghribi ikimkuta ameshika pedi, husema "nakuja, Mama," na asije mpaka nimwite mara ya tatu. Ripoti ya shule ikashuka. Nikamwonya, nikamwonya tena. Kisha Jumamosi moja, alipokuwa madrasani, nikamwita mnunuzi, nikaiuza mashine ile kwa shilingi 17,000. Pesa nikazitia katika karo ya dada yake.

Aliporudi aliikuta meza tupu, na kile kitambaa alichokuwa akiifunikia nimekikunja vizuri juu yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Sawa, Mama," akaenda kutawadha.

Tangu siku hiyo alikuwa mtoto mwenye adabu kamili. Nikimtuma huenda, nikimuuliza hujibu, na nisipomuuliza hasemi. Nakiri kwamba kelele ningeziweza. Adabu ile ndiyo iliyonishinda.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa dirishani nikianika nguo, nikaisikia sauti yake barazani. Alikuwa akizungumza, na si neno moja wala mawili. Nikaziacha nguo mkononi nikasikiliza.

Walikuwa wakibishana juu ya mchezo unaosubiriwa na vijana wa dunia nzima, Grand Theft Auto VI, ambao watengenezaji wake waliutangaza kwa picha Desemba 2023, wakauahirisha mara mbili, wakataja Novemba 2026 kuwa ndio mwezi wa kuutoa. Mmoja wao alikuwa akisifu picha zake: maji yanavyong'aa kama maji ya Likoni saa nne za asubuhi, nywele zinavyopeperuka, jasho linavyoonekana usoni. Kwake yeye, mchezo ni grafiki. Mwingine akamkatiza. Akasema picha humshangaza mtu siku ya kwanza, na siku ya kumi jicho limeshazoea, umebaki na mchezo wenyewe. Akamtajia Minecraft, mchezo uliokamilika mwaka 2011, ambao ulimwengu wake wote ni matofali tu, na bado umeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Akamtajia Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov: vipande vinashuka, unavipanga, basi, na watu wanaucheza hadi leo.

Ndipo mwanangu akasema, taratibu kama mzee wa baraza: "Mimi huuliza jambo moja. Je, mchezo unaniachia niamue? Na nikiamua vibaya, je, naumia? Kama sivyo, hiyo ni sinema, si mchezo."

Nilisimama pale na shuka la maji likinidondokea miguuni. Mimi niliyemhukumu kwa kile nilichokiona kwenye kioo, mwangaza na kelele na magari yanayogongana, sikujua kwamba ndani yake alikuwa akitafuta jambo kama hilo.

Mmoja akauliza kwa nini hakuna mchezo wa Mombasa. Mwanangu akawaambia kwamba Mkenya aitwaye Wesley Kirinya alitengeneza mchezo wa picha za pande tatu, The Adventures of Nyangi, tangu mwaka 2007, lakini kazi ya picha huhitaji watu wengi na fedha nyingi. "Sisi hatuna fedha," akasema. "Basi tutengeneze usio na picha."

Nilikuja kufahamu baadaye alichokuwa akikusudia. Kuna aina ya mchezo huchezwa mezani, bila mashine wala umeme. Ulioijulisha dunia aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Mtu mmoja huwa msimulizi. Wengine huwa watu wa ndani ya hadithi: huyu nahodha, yule mfua chuma, yule mganga. Msimulizi hueleza mahali walipo na jambo lililowafika, kisha humuuliza kila mmoja: wafanyaje? Hadithi huenda kule wachezaji walikoamua. Kwa mtu aliyelelewa na hadithi za bibi, jambo hili halina ugeni mkubwa. Ni hadithi ya usiku, ila wasikilizaji wameruhusiwa kuingia ndani.

Hayo yote yalikuwa yakifanyika nyumbani kwa mama yangu mzazi, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Kila Jumamosi baada ya madrasa mwanangu alipanda tuktuk na wenzake wakaenda kwa bibi yake. Nilipomuuliza mama yangu kwa nini hawaji kwangu, akanijibu kwa upole: "Kwako waone nini, mwanangu? Meza tupu?"

Siku moja, nikifua sare ya shule, nikakuta mfukoni dadu ya karatasi ngumu, aliyoikata na kuigundisha mwenyewe, yenye pande ishirini. Moyo ukanishtuka. Nikaichukua hadi kwa maalim wetu, nikamsimulia yote, nikitaraji aniunge mkono.

Maalim akaniambia lile ambalo wengi wetu tumelisikia darasani, kwamba imo katika Sahihi Muslim hadithi inayoukemea vikali mchezo wa nardashiri, na kwamba kwa ajili yake wanazuoni wengi wamekataza michezo ya dadu hata pasipo kamari. Akanishauri niwahimize vijana waiache. Nikaondokewa na wasiwasi. Kisha akaniuliza, "Na ile mashine aliyokuwa nayo?"

Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba niliiuza.

Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa mali ya nani?"

"Ami yake alimpa."

"Alimpa nani?"

"Alimpa mtoto."

"Basi ilikuwa ya mtoto," akasema. "Mlezi huitunza mali ya mtoto kwa maslahi ya mtoto. Ungeweza kuifungia kabatini, ungeweza kumwekea saa. Kuiuza, na pesa ukazitumia mahali pengine, hilo ni deni, bi mkubwa. Na mtoto naye ana haki."

Sikumbuki nilitokaje pale. Nilikwenda kuuliza juu ya dadu ya mwanangu, nikarudi na hesabu yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikapanda tuktuk hadi Kuze. Niliwakuta ukumbini, vijana wanne wameketi mkekani kumzunguka mama yangu, aliyevaa miwani yake na kanga ya kutandia. Katikati palikuwa na ramani iliyochorwa kwa kalamu juu ya karatasi ya kufungia. Nilitambua mara moja: ni Fort Jesus, Ngomeni. Mwanangu alikuwa ameichagua habari ya kuzingirwa kwake. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593. Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, yaliizingira, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Miaka ipatayo miwili na miezi tisa! Njaa na maradhi viliwaua watu ndani yake kuliko mizinga. Na humo ndani hawakuwamo Wareno pekee. Waswahili walikuwamo, wakiwemo watu wa Faza walioshikamana nao, na wanawake na watoto pia. Kila Mswahili wa wakati ule alilazimika kuchagua upande, na kila upande ulikuwa na gharama yake. Nikafahamu kwa nini mtoto huyu aliipenda habari hiyo.

Nilitafuta dadu, sikuiona. Mama yangu alikuwa amekwisha kuikataza nyumbani mwake siku ile ya kwanza alipoiona. Lakini hakuwaacha mikono mitupu. Mchezaji akitaka kufanya jambo zito, kama kupanda ukuta usiku au kupenya kwa mtumbwi, msimulizi husema, "Kitendawili!" na wote huitikia, "Tega!" Akikitegua, jambo lake limefaulu. Akishindwa hutoa mji, na katika mchezo wao kutoa mji ni kupoteza kitu kweli: mtungi wa maji, au kipande cha ukuta. Vitendawili vingine vilikuwa vya zamani, kutoka kwa mama yangu. Vingine walivitunga wenyewe.

Mwanangu akaniona mlangoni. "Mama, karibu," akasema kwa adabu yake ile. Kisha, baada ya kusita: "Kuna nafasi moja. Mshika ufunguo wa kisima."

Nikavua buibui nikaketi.

Akasimulia. Ni usiku, kisima kimepungua, kila mtu ana kibaba chake cha maji na si zaidi. Kijana mmoja ameonekana akichota bila ruhusa. "Ufunguo unao wewe, Mama. Wafanyaje?"

Sikufikiri. "Namnyang'anya ndoo," nikasema, "na kisima nakifunga."

"Sawa, Mama," akasema.

Akaendelea kwa sauti ileile. Kijana yule hakubisha, alikwenda zake. Kulipokucha watu walikuja kisimani mmoja mmoja, wakapokea kibaba chao, wakasema ahsante, wakaondoka. Hakuna aliyezungumza nami tena. Ukuta wa upande wa bahari ulipopata ufa, kila mtu aliufahamu isipokuwa mshika ufunguo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ukumbi ulikuwa kimya. Vijana walikuwa wakitazama ramani. Mama yangu akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Hukumuuliza maji yalikuwa ya nani."

Sijui kama mwanangu aliikusudia hadithi ile, au ilimjia tu. Sikumuuliza. Tulirudi kwa miguu siku ile, yeye na mimi, tukashika Ndia Kuu kuelekea Ngomeni, na mbele ya ukuta wenyewe nikasimama. Nikamwambia, "Niwie radhi, mwanangu. Ile mashine ilikuwa yako, nami niliiuza bila kukuuliza. Maalim kaniambia ni deni, nami nitalilipa." Alitazama chini muda mrefu. Akasema, "Mimi nami nilikuwa nachelewesha Maghribi." Hakusema zaidi, nami sikumlazimisha.

Sasa tuna daftari. Kila mwisho wa mwezi namhesabia shilingi 2,000 mkononi, anaandika, natia saini. Jumamosi moja huchezea Kuze na Jumamosi ya pili kwangu, nami huwapikia kaimati. Adhana ikilia, msimulizi ndiye wa kwanza kuinuka. Sitadai kwamba yote yametengenea, maana ziko siku ile "sawa, Mama" hurudi, na nikiisikia huacha ninalolifanya nikaketi naye.

Wala sitaki msomaji adhani nimefungua mlango kwa kila kitu. GTA V, uliotoka mwaka 2013, Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na yaliyomo ndani yake, wizi, damu na uchafu, sitayaingiza nyumbani kwa kuwa picha zake ni nzuri. Huo unaofuata ni wa ukoo uleule. Nimemweleza hivyo, kwa sababu zake, tukiwa tumeketi. Ninachokijutia si kumkataza. Nilimkataza bila kujua ninakataza nini, na nikachukua kisichokuwa changu.

Deni limebaki shilingi 9,000. Nikilimaliza, pesa zitakuwa zake, na Novemba itafika, na dukani mchezo ule utakuwapo. Mali ni yake, na malezi ni juu yangu. Haki hizi mbili zitakutana siku moja mezani kwangu, wala sijui jibu litakuwa lipi. Nimemwambia hivyo pia. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya meza tupu, akasema, "Tutatega kitendawili, Mama."

Nawaombeni dua.