Swichi Ambayo Nahodha Alidhani Haina Kazi

Mwaka 1998 gugu maji lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, na boti za abiria zikakwama gatini Homa Bay, zikingoja upepo ulisukume kando. Mwenye boti moja ya mbao, kuukuu, iliyokuwa ikibeba watu na magunia ya omena hadi Mbita, Mfangano na Sori, akaona bora arekebishe umeme wakati huo. Akamwita fundi wangu kutoka Migori. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba sanduku la vifaa.

Fundi alikuwa ameanza kazi ya umeme ujanani, kwenye mgodi wa Macalder, kabla haujafungwa mwaka 1966. Baadaye aliishi kwa kutengeneza malori na mashine za kusaga. Tulipanda matatu kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, naye njia nzima aliniuliza boti hiyo inatumia volti ngapi, kana kwamba nilishawahi kuipanda.

Zilikuwa 24, betri mbili za lori zilizounganishwa. Ubao wa swichi ulikuwa umepakwa rangi juu ya rangi hata majina yote yakafunikwa. Swichi nane, za aina tofauti: nyingine za chuma za kusukuma kwa kidole, nyingine za kuvuta, na mbili za plastiki nyeupe kama zile za ukutani nyumbani. Hizo mbili fundi alizitazama kwa muda mrefu. Moja ilikuwa imeungua kando, plastiki imekuwa kahawia.

Alinieleza palepale. Umeme wa nyumbani hugeuka huku na huku na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ndani ya swichi hujizima yenyewe. Wa betri hausimami, na cheche yake huendelea kuula mdomo wa swichi. Tena pampu ya wati 240 inayovuta ampea moja nyumbani huvuta ampea kumi kwenye volti 24. Aliyefunga swichi ile alikuwa ametaka kumsaidia mwenye boti kwa bei nafuu, na kidogo tu aichome boti yenyewe.

Hatukufungua skrubu yoyote kabla ya kutoa waya hasi wa betri. Kisha kila waya ukavikwa kipande cha tepu chenye namba, nami nikachora kwenye daftari. Rangi za waya hazikuwa na maana: waliotengeneza miaka yote ile walitumia waya uliokuwepo dukani, nyekundu ikawa hasi, nyeusi ikawa chanya. Tuliporudisha betri, fundi aliwasha moja moja, nami nikazunguka boti nikipaza sauti kumwambia kilichowaka.

Nahodha alikuwa ameegemea mlango. Kabla sijafika nyuma alishasema, "Ya tatu ni taa za ubavuni. Ya nne ni ile nyeupe ya nyuma." Hakukosea hata moja. Mkono wake ulikuwa umeujua ubao ule gizani. Ila tulipofika ya sita akasema, "Hiyo haina kazi, fundi. Ng'oa tu."

"Subiri kwanza, Jaduong'," fundi akamjibu. "Waya haukuvutwa bure."

Tukaufuata. Ulipita chini ya kiti, nyuma ya ubao, ukaingia kwenye kisanduku cha dira. Ndani mlikuwa na kijibalbu kilichoungua, tako lake limeota kutu ya kijani. Nilikikwangua kwa msasa, nikatumwa mjini kutafuta balbu ya dashibodi ya lori. Ilipowaka, namba za dira zikaonekana wazi. Nahodha akacheka hadi akakaa chini. Tangu akabidhiwe boti ile alikuwa akisoma dira kwa tochi aliyoibana kwapani, huku mikono yote miwili ikishika usukani.

Fundi alitaka kupanga upya, taa zote upande mmoja. Nahodha akakataa kabisa. Upepo ukichafuka usiku karibu na Mfangano, alisema, mkono wake utaitafuta honi kona ya chini kulia, na isipokuwepo hapo watu watagongana. Nadhani alikuwa na haki, na fundi naye alikubali. Kila swichi mpya ikakaa mahali pa ile ya zamani. Walichokubaliana kubadilisha ni mwelekeo tu: zote chini ni kuwaka, kama za nyumbani.

Pampu ya kutoa maji ndiyo iliyochukua muda. Fundi aliitoa kwenye swichi kuu, akaivutia waya wake moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake, ili ifanye kazi hata kila kitu kikiwa kimezimwa. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza Mei 1996, ziwa hilihili, na tangu hapo akina mama wa omena walikuwa wakichungulia chini ya sakafu kutazama maji kabla ya kulipa nauli.

Mchoro wangu aliunakili vizuri, akaubandika nyuma ya mlango wa ubao na kuupaka vanishi. Miaka mingi baadaye niliitwa Sori, honi ya boti imekataa kulia. Kumbe ni ileile. Mchoro ulikuwepo, na fundi mwingine nisiyemjua alikuwa ameongeza mstari wa tisa kwa kalamu, redio, na ampea za fyuzi yake. Niliufuata mchoro hadi kwenye honi; waya ulikuwa umekatika kwenye bawaba ya mlango, nikauunga kabla chai haijaiva.