Kesi ya Tabata na Sisi Tuliokula kwa Dampo

Moshi wa dampo la Tabata ulikuwa hauna saa. Ukiamka alfajiri unaukuta umetanda hadi mlangoni, na jioni nguo zikaanuliwa zinanuka kuliko kabla hazijafuliwa. Inzi ndiyo usiseme. Majirani walifunika chakula kwa kawa, wakatandaza kitambaa juu ya kawa, na bado walikula mkono wa kushoto ukipunga. Watoto walikohoa, wazee walikohoa. Ndiyo maana wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa. Walichouliza watu ni mbona wamechelewa.

Nyumbani kwetu habari ile ilituingia kwa njia mbili. Moshi tulivuta uleule. Lakini mama mdogo, aliyenilea, alikuwa akinunua chupa na makopo kwa waokotaji wa dampo hilohilo, na mjomba alikuwa mtu wa skrepa. Sare zangu na madaftari vilitoka humo. Usiku nilimsikia mama mdogo akimwambia mjomba, "Kaka, hawa wenzetu wana haki yao. Sasa sisi twende wapi?" Mjomba hakumjibu.

Miaka zaidi ya thelathini imepita, na bado nalisikia swali lile la mama mdogo. Kila nikihudhuria mkutano wa mambo ya taka naona jinsi vijana wanavyodhani urejelezaji umeletwa juzi na wafadhili. Sisi tuliuishi kwa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, nchi ilikuwa imekaukiwa bidhaa. Soda huuziwi bila chupa tupu mkononi. Mafuta ya taa unapimiwa kwenye chupa uliyokwenda nayo. Kopo la maziwa lilikuwa kibatari, debe lilikuwa ndoo, na likitoboka linakunjuliwa linaezeka banda la kuku. Tairi lililokwisha lilivaliwa miguuni. Kitu mpaka kifike dampo kilikuwa kimeshapita mikono mingi, na sehemu kubwa ya kilichomwagwa pale ilikuwa masalia ya vyakula na mazao: maganda ya ndizi na ya mihogo, vifuu, majani ya migomba yaliyofungia mizigo ya sokoni. Na hizo ni taka zilizobahatika kuchukuliwa. Nyingi hazikutoka mitaani kabisa. Watu walichimba mashimo uani wakafukia, au wakachoma.

Kazi ya mama mdogo nilikuwa nayo karibu kila siku baada ya shule. Chupa zilikuja kwenye magunia, na kabla hazijaguswa maji alizinusa. Moja baada ya moja, akiifunika kwa kiganja kwanza, kisha anafungua na kuvuta pumzi fupi. Ya bia huku, ya dawa ya kikohozi kule, ya mafuta ya nywele peke yake. Akikuta iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu haiingii kwenye hesabu. Alikuwa ameshailipia, lakini ataivunja na kuifukia nyuma ya choo, kwa kuwa alijua chupa ile itakwenda kutiwa mafuta ya kula au asali, na mtoto wa mtu atalamba. Zilizobaki zililowekwa, zikasuguliwa ndani kwa mchanga na majivu, zikasuuzwa mara tatu na kupangwa juani midomo ikitazama chini. Hakuna afisa aliyemfundisha wala kumkagua. Nimesoma miongozo mingi ya usalama wa taka tangu hapo, na sijaona uangalifu unaomshinda mwanamke yule aliyekuwa na beseni mbili.

Mjomba naye alitembea na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kinashika, alminiamu haishiki, shaba haishiki. Ndivyo alivyotenganisha mali yake, kisha akaipeleka mtaa wa Gerezani na kwa mafundi wa kusubu. Sufuria nyingi zilizopika ubwabwa wa jiji hili zilikuwa zimewahi kuwa kitu kingine: kipande cha injini, fremu ya dirisha, sufuria nyingine iliyopasuka.

Mahakama Kuu iliwapa haki wakazi wa Tabata mwaka huohuo wa 1988, na jiji likaamriwa lisimwage tena Tabata na litengeneze dampo mahali pasipodhuru watu. Muda wa kujipanga ukaombwa, ukaisha, ukaombwa mwingine, na magari yakaendelea kumwaga. Mwaka 1991 maombi ya kuongezewa muda yalipofika mbele ya Jaji Lugakingira, alikataa. Alisema, kwa maana yake, kwamba hajapata kusikia mtu, sembuse mamlaka ya umma, akienda mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaifungua Katiba, ibara ya 14, ile ya haki ya kuishi, akasema kuyaweka maisha ya watu hatarini kwa makusudi kunaivunja haki hiyo. Ibara hiyo iliingia kwenye Katiba pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, na ni tangu 1988 tu ndipo mtu aliweza kuisimamia mahakamani. Hukumu ile inafundishwa hadi leo katika sheria ya mazingira, na inastahili. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa mjomba aliposimuliwa na kusema, "Huyu jaji kanena."

Kilichofuata hakifundishwi sana. Taka hazikupungua hata kiroba kimoja. Zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao, Festo Balegele na wenzake zaidi ya mia saba, wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991. Wakashinda. Magari yakageuza tena, safari hii kuelekea Vingunguti, kwenye mteremko wa Bonde la Msimbazi, karibu na machinjio na mabwawa ya majitaka. Vingunguti palikuwa na watu wengi kuliko kote huko, na kipato kidogo kuliko kote huko. Hapo dampo likakaa karibu miaka kumi. Sisemi haya kuilaumu mahakama. Jaji huamua lililoletwa mbele yake, na kilicholetwa kilikuwa moshi na inzi na vifua vya watoto. Waliokuwa wakiishi kwa kuokota hawakuwa upande wa wadai wala wa wadaiwa. Lawama yangu iko kwa waliokuwa na kazi ya kupanga jiji, wakaona suala zima ni la kutafuta shimo jingine.

Tulihama na sisi. Mama mdogo alipanga chumba Vingunguti, kwa sababu anayenunua chupa lazima akae pale zinapofika, na waokotaji wengi wa Tabata tuliwakuta hukohuko. Mvua za masika ziliposhuka nilikuwa naona taka zikiteleza taratibu kuelekea mtoni. Maji yale yalikwenda hadi Jangwani na Daraja la Salenda, kisha baharini, na njiani kulikuwa na bustani za mchicha zilizonyweshewa kwa mto huo. Jiji lililokuwa limeondoa taka lilikuwa likizila.

Na taka zenyewe zilikuwa zinabadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa za nje zimejaa Kariakoo, na mifuko ya rambo ikaingia kila mkono. Baadaye yakaja maji ya chupa. Mama mdogo aliipima mifuko ile kwa macho yake ya biashara na kuiacha: haioshwi ikarudi dukani, haina uzito kwenye mizani, na upepo unaichukua. Chupa za vioo zikaanza kukosa wanunuzi, maana mafuta sasa yalikuja kwenye dumu la plastiki. Biashara aliyoifanya kwa pua yake ikamfia taratibu.

Serikali ilijaribu mengi katika miaka hiyo. Mwaka 1994 uzoaji wa katikati ya jiji ukapewa kampuni binafsi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na baada ya hapo kata nyingi zikakabidhiwa kwa kampuni ndogo na vikundi vya wananchi, vingi vya akina mama, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hilo lilikuwa jema na nalisema waziwazi. Mitaa ilisafishika, na wanawake waliokuwa wakidharauliwa kwa toroli walianza kukusanya ada wakiwa na stakabadhi mkononi. Vingunguti ikafungwa mwaka 2001, zamu ikaenda eneo la Mtoni, na tangu 2007 taka za jiji zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila dampo liliposogea, mwokotaji alijua hilo siku magari yasipotokea. Mjomba hakufika Pugu. Nauli ya kwenda na kurudi na gunia ilikula faida yote, akaishia kukarabati baiskeli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu ulio wazi juu ya taka ngumu, na tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Niliifurahia marufuku ile kwa moyo wote. Mitaro ya mtaani kwetu ilionekana sakafu. Ila ilinifanya nifikirie jinsi tulivyo wepesi wa kuandika kipi kisiwepo, na wazito wa kuandika nani analipwa kwa kurudisha kilichopo.

Kuna mkutano wa mtaa niliokwenda siku za karibuni. Mtaalamu alieleza vizuri mpango wa kutenganisha taka majumbani, ndoo hii ya mabaki ya chakula, ile ya plastiki. Niliuliza waokota chupa wamewekwa wapi kwenye mpango huo. Akasema wazo litachukuliwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na kiroba chake akaomba kusema. Hakuomba msaada. Alisema wao wakifika kwa mnunuzi mizani inageuziwa ukutani, hawaisomi, wanatajiwa tu kilo. Alitaka mizani isomeke pande zote mbili, ndoo za plastiki zitolewe saa inayojulikana ili wazipate kabla ya gari, na dampo likihamishwa waambiwe mapema. Mwenyekiti alimuuliza jina lake, na katibu akaliandika kwenye daftari.