Siku Moja Katika Msitu wa Udzungwa

Mavuno yakiisha na watoto wakifunga shule, ni vema jembe nalo lipate siku ya kupumzika. Wengi hudhani kutembelea hifadhi ni kazi ya wageni wenye kamera shingoni. Sivyo. Twende pamoja kwenye milima ya Udzungwa, tukauone msitu wetu kwa macho.

Ukifika Mikumi, shika njia ya kusini iendayo Kidatu na Ifakara. Baada ya kilomita 60 hivi utafika Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi. Mkono wako wa kulia milima imesimama kama ukuta wa kijani. Mkono wa kushoto ni bonde la Kilombero, penye miwa na mpunga. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,990. Langoni hulipwa kiingilio, lakini mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni. Humo hakuna kuzunguka kwa motokaa: mkubwa na mdogo wote huenda kwa miguu, wakiongozwa na mtu wa hifadhi, maana tembo na nyati nao wamo. Basi vaa viatu imara, funga chakula chako, uache haraka nyumbani.

Njia ipendwayo na wengi ni ile ya maporomoko ya Sanje. Kupanda na kushuka huchukua yapata saa nne, na ukipumzika mara kwa mara, zaidi. Mara uingiapo chini ya miti, jua hupungua na ubaridi hukupokea. Inua macho taratibu. Pengine utamwona mbega mwekundu wa Iringa akiruka tawi kwa tawi. Yuko pia kima wa kijivu aitwaye kwa jina la kijiji cha Sanje. Wataalamu hawakumjua hata mwaka 1979, ingawa wenyeji walikwisha mfahamu zamani. Ulimwenguni kote hapatikani ila katika milima hii.

Kisha utasikia ngurumo, na maporomoko yatatokea mbele yako. Maji hushuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170, kama minazi saba iliyosimama mmoja juu ya mwenzake. Hapo keti, kula, oga katika kidimbwi, na utazame bonde lililotandazwa chini kama mkeka.

Sasa waulize watoto: mvua ilikoma zamani, maji haya yatoka wapi? Jibu liko miguuni pao. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii ukaangusha mvua. Majani huvunja nguvu ya matone, takataka za majani makavu hufyonza maji, na mizizi huyapitisha ardhini. Kisha chemchemi huyatoa kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo msitu ni mtungi wa watu wa bondeni. Ukiukata, mvua itashuka kwa siku moja na kubeba udongo, halafu mito itakauka.

Lakini tusiseme kwamba ulinzi huu hauna gharama. Akina mama wa vijiji vya jirani walikuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi, na ruhusa hiyo ikaondolewa mwaka 2011. Kwa mama mwenye sufuria mekoni, hilo si jambo dogo. Mgeni husifu maporomoko akaenda zake. Jirani ndiye abakiaye na shida ya kuni. Haki yadai asaidiwe kupata miche na majiko yasiyokula kuni nyingi, wala asionwe kuwa adui wa msitu.

Nasi tulio mbali tuna kazi yetu. Kila kijiji kina kilima chake na chemchemi yake, hata kama haina jina kwenye ramani. Mrudipo nyumbani, wapeleke watoto hadi chanzo cha mto mnaochota maji. Hesabuni miti iliyobaki hapo. Ikiwa ni michache, msingojee bwana misitu: pandeni ya kuni karibu na nyumba, ili ile ya chemchemi ipate kusalimika.