Mtungi wa Bibi

Februari, Dar es Salaam, bati la chumba changu huanza kulia ta, ta kufika saa nne asubuhi. Mimi niko chuoni mpaka jioni. Mwezi hubaki peke yake. Ni paka wa marehemu bibi, ana miaka 13, na miaka ya mwisho alikaa na bibi kuliko nilivyokaa mimi.

Paka hatokwi na jasho kama sisi, ila kidogo kwenye nyayo. Hujilamba, mate yakikauka yanampoza. Ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, ujue hali ni mbaya. Kwa hiyo kabla ya kutoka nashusha pazia la upande wa jua, naacha wazi dirisha lenye wavu, naweka mabakuli mawili ya maji. Feni siitegemei, umeme una mambo yake. Nategemea mtungi wa bibi: maji hupenya udongo taratibu, yakikauka huondoka na joto, na saruji pembeni yake haipati moto.

Jana nilimkuta ameuegemea, ubavu umelowa, amelala. Nikavua viatu, nikakaa upande wa pili.